Nyanya na pilipili za ndoo, Malindi na Lamu: maswali ya majani, mbolea na joto

Haya maswali naulizwa kila wiki, mengine na mtu yule yule, ndio nikaona niyaweke pamoja. Nalima nyanya, hoho na pilipili kali kwenye ndoo za lita 20, zingine darini (juu ya paa bapa la nyumba) na zingine ndani ya kibanda cha neti hapa Malindi, na karibu nusu ya wanaoniuliza wako Lamu, wanapanda kwenye kiwanda cha nyumba (ule uwanja wa ndani ulio wazi juu) au darini vilevile. Kama huna muda wa kusoma chote shika hili moja: huku kwetu mmea ukibadilika rangi mara nyingi chakula kimo ndani ya ndoo, ila mzizi hauwezi kukichukua, kwa sababu ya chokaa, chumvi ama joto. Ukiongeza mbolea hapo unazidisha shida.

## Kuanzia

Jani limekuwa manjano, niweke mbolea gani?

Jani gani, la chini au la juu? Bila hilo, yeyote anayekutajia mbolea anabahatisha. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu ni vyakula vinavyohama ndani ya mmea, vikipungua mmea unavitoa kwenye majani makuukuu unayapa machanga, kwa hivyo dalili zinaanzia chini. Chuma, kalsiamu na boroni vikishaingia kwenye jani havitoki, kwa hivyo upungufu wake utauona kileleni au kwenye tunda.

Halafu angalia manjano yenyewe yamekaaje. Jani zima pamoja na mishipa? Kati ya mishipa tu, mishipa ikabaki kijani kama ramani ya mito? Ama ukingoni tu? Ukinitumia picha piga ya mmea mzima kwanza, kisha jani la chini na la juu, mchana wa kawaida, sio usiku na tochi, tochi inafanya kila kitu kionekane manjano.

Jani la chini kabisa kukauka ni ugonjwa?

Hapana. Nyanya ikishafika kifuani, majani mawili matatu ya chini yanazeeka. Kata, tupa. Wasiwasi uanze manjano yakipanda juu kila siku mbili tatu.

Udongo gani nijaze kwenye ndoo?

Mchanga wa ufukweni usiguse. Udongo wa mjini pia uupime kabla hujauamini, maana huku tunakaa juu ya mwamba wa matumbawe na sehemu nyingi udongo ni chokaa tupu. Kipimo cha bure: chukua kijiko cha udongo mkavu, mwagia siki. Ukichemka povu, una chokaa, na pH yake (kipimo cha tindikali, ikiwa juu tindikali ni kidogo) iko juu ya 7, wakati nyanya na hoho zinataka kama 6.0 hadi 6.8. Udongo wa chokaa unafunga chuma na fosforasi hata kama vimejaa humo.

Wa Malindi wengi tunatumia udongo wa mto Sabaki, ni mzuri, ila ukiwa peke yake kwenye ndoo unashikana kama tofali. Mimi nachanganya karai mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza na moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Ila hapo kwa makumbi kuna mtego: kama umepewa na watu wa kusokota kamba, yale yamefukiwa baharini miezi mingi na yamekunywa chumvi. Loweka kwa maji matamu, mwaga, rudia mpaka maji yakiguswa na ulimi hayana ladha.

Lamu tuna punda wengi, samadi yake inafaa?

Inafaa sana, ikioza. Ikae miezi miwili mitatu imefunikwa, ikifika harufu yake ni ya udongo wala sio ya zizi. Ya moto inachoma mizizi na inaleta magugu. Ya kuku ni kali zaidi, punguza kipimo nusu.

Kuna kaka mmoja alichanganya vumbi la mbao alilochota kwa mafundi wa majahazi, karibu nusu ya ndoo, akashangaa mche umekwama na manjano mwili mzima. Vumbi bichi likianza kuoza, vidudu vinavyoliozesha vinakula naitrojeni yote, mmea unabaki na njaa. Vumbi litumie juu kama tandiko la kuzuia unyevu usipotee, usilichanganye ndani.

## Kusoma majani

Majani ya chini yote yamepauka manjano, mmea umedumaa.

Hiyo ndio naitrojeni ya kawaida. Ndoo inamwagiliwa kila siku kwa hivyo naitrojeni inashuka na maji, sio kama shambani. CAN (mbolea ya naitrojeni ya kukuzia) kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 20, izungushe pembezoni mbali na shina, mwagilia, subiri wiki mbili kabla ya kurudia. Kama udongo wako ulichemka na siki, SA (salfeti ya amonia) ni bora kuliko CAN, maana CAN imechanganywa na chokaa na SA inashusha pH kidogo kidogo. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwenye ndoo ni rahisi kuunguza, mimi siitumii.

Lakini kabla ya yote chomeka kidole mpaka fundo la pili. Ukikuta tope, shida sio njaa. Mzizi uliokosa hewa unatoa manjano yale yale ya naitrojeni, na nimeona ndoo ngapi mtu hakutoboa chini! Matundu matano sita ya upana wa kidole, ndoo ikae juu ya vipande viwili vya mawe.

Majani ya chini ni manjano kati ya mishipa, mishipa ni kijani.

Magnesiamu. Inatokea sana nyanya ikibeba matunda, na mara nyingi ni kwa sababu umeipa potasiamu nyingi, hivi viwili vinagombania mlango mmoja. Chumvi ya Epsom kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, nyunyizia majani jioni, mara moja kwa wiki, wiki tatu. Hii sio chumvi ya kupikia! Mama mmoja alinielewa vibaya, tukapoteza hoho nane.

Ni hivyo hivyo lakini kwenye majani ya juu, mapya yanatoka karibu meupe.

Hiyo ni chuma, na kwa udongo wetu ndio kesi ninayoiona zaidi kuliko zote. Usitie misumari yenye kutu, kutu haiyeyuki kwenye chokaa. Nenda duka la agroveti uulize chuma cha kileti (kilichofungwa kwa kemikali ili udongo usikikamate) aina ya EDDHA, unga mwekundu mweusi hivi, huo unabaki unafanya kazi hata pH ikiwa juu. Aina ya EDTA ni bei rahisi lakini kwenye udongo wa chokaa haidumu, hiyo nyunyizia kwenye majani tu. Na upunguze kumwagilia, maana udongo uliolowa muda wote unaleta dalili hii hii.

Majivu je? Bibi yangu alikuwa anatia majivu kila kitu.

Na pengine shamba la bibi lilikuwa bara, udongo mwekundu wenye tindikali, huko majivu ni dawa kweli. Yana potasiamu, lakini pia yanapandisha pH, na yetu imeshapanda yenyewe. Ukitia majivu ndoo ya Lamu unaifunga chuma kwa kufuli la pili.

Kingo za majani zimeungua kahawia kama karatasi.

Hapa kuna washukiwa wawili wanaofanana, potasiamu kidogo au chumvi nyingi. Potasiamu inaanzia majani ya chini, kunakuwa na utepe wa manjano kabla ya ule ukingo kuungua, na matunda yanaiva kwa mabaka. Chumvi inakuja na ushahidi mwingine, ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa ndoo, na mmea unanyauka wakati udongo una maji. Pwani anza kushuku chumvi, angalia sehemu ya maji hapo chini.

Nyuma ya majani ni zambarau.

Kwenye vitabu wanasema fosforasi au baridi. Baridi hatuna. Kwa miche midogo ni fosforasi iliyofungwa na chokaa au mizizi iliyobanwa kwenye kikopo. Hamishia ndoo kubwa yenye samadi, na wakati wa kupanda tia DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi) nusu kijiko cha chai chini, ifunike na udongo ili mzizi usiiguse moja kwa moja. Aina zingine za nyanya zina uzambarau wa asili shinani, hizo ziache.

Nyanya zinaoza kitako, doa jeusi chini ya tunda. Nitie maganda ya mayai?

Doa ni kalsiamu haikufika kwenye tunda, sawa, lakini kalsiamu Malindi na Lamu imejaa, tunaishi juu yake! Kalsiamu inasafiri na maji tu, kwa hivyo ndoo ikikauka kau mchana halafu ikazamishwa jioni, tunda linakosa zamu yake. Chumvi nayo inazuia, naitrojeni nyingi pia, maana majani yakishamiri yananyang'anya tunda. Maganda ya mayai kwenye udongo wa chokaa yatakaa humo kama yalivyo.

Tiba ni maji kidogo mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi jioni, na tandiko la majani makavu au vumbi la mbao juu. Yaliyooza yachume utupe, hayaponi. Mavuno yanayofuata yakitoka safi ujue umepata.

## Maji

Nitajuaje maji yangu yana chumvi kupita kiasi?

Ulimi unaanza. Kama chai ya hayo maji ina ladha ya chumvi, hoho itaisikia kabla yako. Ukiwa na kipimo cha EC (kinachoonyesha wingi wa chumvi, kwa dS/m), nyanya zinaanza kupungua mavuno udongo ukipita kama 2.5, hoho ni laini zaidi, kama 1.5. Ndio maana kwenye maji yale yale nyanya ya jirani inapeta na hoho yako inalia, sio kijicho.

Malindi maji ya bomba yanatoka Baricho kando ya Sabaki, hayo yana nafuu, shida ni visima. Lamu visima vya karibu na bahari vinabadilika kwa msimu, mwisho wa kaskazi (msimu wa joto) ndio vinakuwa vibaya, na maji matamu ya mji yanategemea mvua inayochujwa na vilima vya mchanga vya Shela. Mwenye jabia (birika la kuhifadhia maji ya mvua) au hata pipa chini ya bomba la dari ana dhahabu, maji ya mvua hayana chumvi wala chokaa. Yaweke kwa miche na kwa kuosha ndoo, usiyamwage kuoshea daka.

Kuosha ndoo ndio nini?

Kumwaga maji matamu mengi mpaka yatoke chini na kubeba chumvi. Kwa ndoo ya lita 20 mimi natumia kama lita 40, polepole, kwa jagi, nikiacha itone kati. Fanya asubuhi. Kesho yake mmea utakuwa umechoka, usitishike, baada ya siku tatu nne mpe mbolea nusu ya kipimo maana na chakula kimeoshwa pia. Wa visima vya chumvi fanya kila mwezi, na masika inakufanyia yenyewe kama ndoo ziko wazi.

Maji ya kuoshea samaki?

Yakiwa ya bomba na yamechanganywa mara kumi, sawa. Yakiwa ya baharini, hapana. Na kwa Lamu paka watakufukua ndoo zote usiku mmoja, nimekwambia.

## Joto

Maua yanadondoka yote, mmea una afya kabisa.

Kaskazi, sio? Januari mpaka Machi naulizwa hili mpaka simu inapata moto. Nyanya inashika tunda vizuri mchana ukiwa kama nyuzi 21 hadi 29 za Selsiasi, ukipita 32 na usiku ukawa haushuki chini ya 24 chavua inakuwa tasa, ua linafunguka, linakauka, linaanguka. Hakuna mbolea ya kutibu hiyo, na wanaokuuzia dawa ya maua mwezi wa Februari wanakuuzia matumaini.

Unachoweza: neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50 saa za mchana, usipite hapo maana giza nalo linaangusha maua. Tikisa mashada asubuhi mapema kabla joto halijapanda, saa mbili hivi, hasa ndani ya kiwanda ambako upepo haufiki. Panda nyanya ndogo za mviringo, hizo zinavumilia kuliko zile kubwa. Ama fanya kama mimi, sia Aprili na Mei ili maua yafike kusi, Juni mpaka Agosti, usiku unapopoa. Kaskazi naipa bamia, biringani na pilipili kali, hizo joto ni sherehe yao.

Ndoo nyeusi zina shida?

Zina. Nilichomeka thamometa ya jikoni kwenye ndoo nyeusi iliyopigwa na jua la darini saa nane mchana, upande wa magharibi ikasoma 43, ile niliyopaka chokaa nyeupe iliyokaa pembeni yake ikasoma 34. Mzizi wa nyanya ukipita 35 hivi unaacha kunywa vizuri, kwa hivyo jani linanyauka na udongo umelowa, mwenyewe anaona kiu, anaongeza maji, mzizi unaoza. Paka nje nyeupe, au zungushia gunia, na zikusanye ndoo zipeane kivuli. Sakafu ya dari nayo inarudisha joto, weka makuti chini yake.

Na lile tangi jeusi la darini: fungua bomba saa tisa uguse maji, utajua mwenyewe kwa nini miche inakufa. Mwaga yale ya mwanzo kwenye ndoo nyingine yapoe.

Mchana majani yananyauka, jioni yanasimama. Nimwagilie saa saba?

Kama jioni yanasimama yenyewe, acha, mmea unajikinga. Kama asubuhi saa kumi na mbili bado yamelala, hapo kuna kitu: ukavu, chumvi, mizizi iliyopikwa na joto, au mnyauko wa bakteria (soma sehemu ya mwisho).

Majani yanajikunja kwenda juu kama bomba.

Ya chini, manene, bado kijani, hakuna doa? Joto na jua kali, pengine umepogoa sana. Halidhuru mavuno. Yakiwa ni ya kileleni, madogo, yamepinda kama kikombe, kingo manjano na mmea umekataa kukua, hiyo ni virusi vya nzi weupe na jibu lake liko chini.

Nyanya zinabaki rangi ya chungwa, haziwi nyekundu.

Wekundu unagoma kutengenezwa joto likipita 30 hivi, umanjano unaendelea. Zichume zikianza tu kubadilika rangi, weka ndani kwenye kivuli, zile nyumba za mawe za Lamu zenye kuta nene ni mahali pazuri kabisa. Upande ukiwa na baka jeupe kama ngozi iliyochubuka, hilo ni jua lenyewe limepiga tunda, umepunguza majani kupita kiasi.

Naweza kupanda ndani ya nyumba kabisa, kuna ubaridi?

Ubaridi upo, mwanga haupo. Miche itarefuka kama uzi ikitafuta dirisha. Kiwanda kinachopata jua kwa muda wa masaa sita mpaka manane kwa siku ni sawa, chumba hapana, isipokuwa na taa za LED sentimita 30 hivi juu ya mche, saa 14 kwa siku, na bili ya stima uilipe wewe.

## Yanayofanana na njaa lakini sio njaa

Nimetibu kila kitu, manjano hayaondoki.

Geuza jani. Vidoto vidogo vya manjano juu na utando mwembamba chini ni utitiri mwekundu, anapenda kaskazi kavu, nyunyizia maji kwa nguvu nyuma ya majani kisha maji ya sabuni ya kipande, jioni. Njia nyeupe zilizochorwa ndani ya jani zikiwa pana kama malengelenge ni kantangaze, yule kipepeo aliyeingia Kenya 2014, chuma majani hayo uyachome.

Nzi weupe wakiruka ukitikisa mmea na kilele kimejikunja, hakuna dawa ya virusi, ng'oa leo, kesho ni jirani yake.

Mmea umedumaa kwenye udongo wa kichanga, ng'oa mmoja uangalie mizizi, ikiwa na mafundo kama shanga ni minyoo fundo. Udongo huo uanike juani chini ya plastiki angavu wiki sita za kaskazi, hapo jua letu linakuwa na faida.

Umenyauka ghafla ukiwa kijani? Kata shina karibu na udongo, lining'inize kwenye gilasi ya maji safi dakika tano. Ukiona uzi wa maziwa unashuka, ni mnyauko wa bakteria. Tupa mmea na udongo wake, osha ndoo na jiki, usipande humo nyanya, hoho wala biringani.

Nina dalili tatu kwa pamoja, nianze wapi?

Usianze na mbolea. Siku ya kwanza geuza majani, angalia matundu ya ndoo, onja maji. Siku ya pili osha ndoo kwa maji matamu na uihamishe kivulini kuanzia saa tano. Subiri wiki. Kitakachobaki ndio upungufu wa kweli, tibu kimoja tu, ukitia vitu vinne kwa mpigo hutajua kipi kilisaidia na kipi kiliua.

Majani yaliyoharibika yatarudi kijani?

Ya naitrojeni, chuma na magnesiamu yanaweza kurudi kidogo kama hukuchelewa. Yaliyoungua hayarudi kamwe. Funga uzi kwenye jani jipya la mwisho siku unayotibu, baada ya siku kumi angalia yaliyotoka juu ya uzi. Yakiwa kijani umefaulu hata kama chini kunatisha. Yakiwa vilevile na mmea una miezi minne, vuna kilichopo, mwaga udongo ukauke juani, sia mwingine.